Upindo wa Vidole Vinne

Ukikutana na Bi Futi njiani, usidhani anakutazama usoni. Huanzia mabegani, akateremka kiunoni, akaishia magotini, na kabla hujamaliza kumjulia hali keshajua nguo yako itakula kitambaa kiasi gani. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishi. Mtaa mzima unamwita Bi Futi kwa sababu ya ile futi ya kupimia nguo iliyokuwa ikimning'inia shingoni tangu anapoamka hadi anapolala. Ilikuwa futi ya kitambaa, ya manjano iliyopauka, na namba zake nyingine zilishafutika zikabaki vivuli. Aliirithi kwa fundi aliyemfunza kazi, mwanamke mkali aliyewapiga wanafunzi wake vidole kwa rula wakipindisha mshono. Miaka thelathini na minne aliivaa. Mteja akijitia kulalamika kwamba nguo inambana, Bi Futi alimjibu bila kunyanyua kichwa kwamba futi yake haijawahi kusema uongo, mwenye kiuno ndiye ajichunguze.

Kazi anaifanyia chumba cha mbele, katika nyumba anayoishi na binti yake na mjukuu wake. Cherehani ya miguu iko dirishani, meza ya kukatia imesukumwa ukutani, pasi haipoi mchana kutwa, na sakafu imejaa vipande vya nyuzi hata paka wa jirani akipita hutoka na rangi tatu. Hushona magauni, hushona mapazia, lakini kinachomlisha ni sare za shule, na kwenye sare ana kanuni yake asiyoivunja kwa ajili ya mtu yeyote: kila sketi lazima iwe na upindo wa vidole vinne. Yaani pale chini hukunja kitambaa kwa ndani kwa upana wa vidole vinne, akakishikiza kwa mshono mrefu, mlegevu. Mwaka ukiisha na mtoto akiongezeka urefu, mzazi huirudisha sketi, naye hufumua kidole kimoja. Kuna sketi zimevaliwa tangu darasa la kwanza hadi la tano namna hiyo.

Dosari ya upindo huo ni moja. Kitambaa kilichojificha ndani hakijui jua wala sabuni, kwa hiyo kikifumuliwa hutoka kikiwa na buluu yake iliyokoza, wakati sketi nyingine imeshapauka. Pale chini hujitokeza mstari. Watoto hawaupendi mstari huo hata kidogo, kwa kuwa wenzao huujua na huucheka. Ndiyo maana Bi Futi ana droo nzima ya tepe, nyeupe, nyekundu na za maua, za kuufunikia.

Mjukuu wake ndiye mteja pekee ambaye droo hiyo ilikuwa haijawahi kufunguliwa kwa ajili yake.

Mjukuu huyo, msichana wa miaka minane wakati habari hii inaanza, nyumbani anaitwa Bobini. Kwa asiyejua mambo ya cherehani, bobini ni kile kigurudumu kidogo cha chuma kinachokaa chini, ndani kabisa, kikibeba uzi wa chini. Hakionekani wala hakisifiwi, lakini kisipokuwa na uzi, cherehani itapiga kelele tangu asubuhi hadi jioni bila kushona kitu. Bibi yake alimbandika jina hilo akiwa mchanga, kwa udogo wake na kwa namna nyumba nzima ilivyosimama kila alipolia. Siku nyingine humwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, nao hugombania kiti cha dirishani kama wake wenza kweli, ingawa mume mwenyewe alishafariki kabla mke mdogo hajazaliwa.

Bobini aliingia darasa la kwanza na upindo wa vidole vinne. Akaingia la pili navyo. Akaingia la tatu, na vidole vyote vinne bado vilikuwa vimekunjwa palepale. Bi Futi, ambaye macho yake husoma mabega ya watu wote mtaani, hilo alilisifu. Aliwaambia wateja kwamba mjukuu wake ni mtunzaji wa nguo, sketi moja miaka miwili na haijarudi kwa fundi. Kinyozi hajinyoi, na mtoto unayemwona kila siku ni vigumu kumwona.

Ukweli ulimkuta kwenye daftari lake mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka alipewa kazi ya sare za darasa zima la Bobini, akafungua vipimo vipya na kuvilinganisha na vya miaka miwili nyuma. Kiunoni hadi gotini, kila mtoto alikuwa amepanda, wengine kwa vidole viwili kamili. Bobini alikuwa amepanda kwa upana wa ukucha. Bi Futi akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena, na namba zikakataa kubadilika. Alikaa kwenye kigoda chake mpaka pasi ikaunguza shati la mtu.

Kama ilivyo kawaida yetu wanadamu, kwanza alitafuta wa kumlaumu. Alimlaumu binti yake, anayefanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha mikate, kwamba hamlishi mtoto vizuri. Kisha akalaumu minyoo. Kisha akaanza kumlisha Bobini sahani mbilimbili, hadi mtoto wa watu akawa anajifungia chooni akisikia sufuria zikigongana. Bobini hakuwa na njaa wala hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikuwa mtoto mwenye akili timamu, anayetaja jedwali la saba kwa kurudi nyuma, ila kila mgeni alimnyanyua bila kumwomba ruhusa na kumuuliza kwa sauti ya kitoto kama keshaanza chekechea. Hilo ndilo lililomuuma kuliko udogo wenyewe.

Binti ndiye aliyekata shauri la hospitali, akisema lawama hazijawahi kurefusha mtu. Walimpima Bobini damu. Walimpiga picha ya mkono wa kushoto, na mifupa ya mkono ikasema mtoto ana miaka mitano. Walimlaza asubuhi nzima na mpira wa dripu mkononi, wakimchota damu kila baada ya muda, naye akahesabu vichupa kwa sauti ili wasimpunje. Wakamwingiza kwenye mashine ya picha ya kichwa inayogonga kama mafundi bati. Mwisho daktari akawaambia kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere, inayotoa homoni ya kumkuza mtoto, na ya Bobini inatoa kidogo mno. Tiba ipo. Ni sindano ya homoni hiyo, kila jioni, kwa miaka kadhaa. Akaongeza jambo moja ambalo binti hakulisahau: mifupa ya mtoto ina wakati wake wa kurefuka, ikishafunga haifunguliwi tena, kwa hiyo kila mwaka una thamani yake.

Aliyepewa kazi ya kumweleza mtoto mwenyewe alikuwa muuguzi wa kliniki hiyo, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alivuta kiti na kukaa hadi macho yake yakawa sawa na ya Bobini. Hakuzungumza naye kitoto. Alimchorea kichwa, tezi, mwili, na vijumbe vidogo vinavyotoka kwenye tezi kwenda kuiambia mifupa irefuke. Alipomuuliza kama ana swali, Bobini alikuwa nalo.

"Ni kwa sababu nilikuwa simalizi chakula?"

Bi Futi alitazama sakafu. Muuguzi akamjibu kwamba si chakula, si utundu, si kosa lake wala la mama yake wala la bibi yake, na wala hawezi kumwambukiza mtu. Tezi yake imeumbwa hivyo, basi. Ilibidi alirudie hilo mara mbili, na nadhani mara ya pili alikuwa anamwambia bibi.

Bobini aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, lakini nyumbani akakiri kwamba vile vijumbe hakuvielewa. Alikuwa na swali moja linalomkereketa: kama kinachoumwa kiko kichwani, kwa nini achomwe sindano pajani? Bi Futi alikuwa anashona. Akasimamisha cherehani, akamvuta mjukuu karibu, akafungua kile kifuniko cha chini na kutoa bobini iliyokwisha uzi.

Alimwonyesha kwamba cherehani ni nzima. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, uzi wa juu upo, kitambaa kipo. Lakini tezi yako ni hii, akamwambia, haina uzi wa kutosha, ndiyo maana mshono haushiki. Sasa angalia ninavyoijaza. Akaichomeka bobini juu, pembeni ya gurudumu, akakanyaga, na uzi ukajizungusha hadi ikajaa. Akamuuliza Bobini kama kazi ya uzi huo ni pale juu. Bobini akasema hapana, ni chini. Basi, akasema bibi, sindano ya pajani ni kujazia juu. Damu ndiyo itakayoupeleka uzi unakotakiwa, hadi kwenye mifupa. Bobini akafikiri, kisha akauliza kwa nini kila siku. Bi Futi akamuuliza na yeye kama amewahi kuona fundi akijaza bobini mara moja ikamtosha mwaka mzima. Hapo mtoto akacheka, na jambo likaisha.

Kwa kuwa binti jioni yuko kiwandani, kazi ya sindano ilimwangukia bibi. Mwanamke aliyeshika sindano miaka yote hiyo siku ya kwanza alimwomba Bobini amsomee maelekezo mara mbili, kama mwanafunzi. Dawa huja kwenye kalamu maalumu, yenye sindano fupi nyembamba mbele na kitufe nyuma, na hukaa kwenye friji, mlangoni, mbali na barafu, maana ikiganda imeharibika. Muuguzi alisisitiza wasichome mahali pamoja kila siku. Bi Futi akakata karatasi ya kukatia nguo kwa umbo la mtoto, akaibandika jikoni, na kila jioni Bobini aliweka alama ya chaki pale sindano ilipochomwa: paja la kulia, la kushoto, tumbo upande huu, upande ule. Wakishaweka alama, kesho yake wanahamia mahali pengine. Baada ya wiki tatu mtoto alikuwa halii tena, ila anakunja uso na kusema mke mkubwa ana mkono mzito.

Muuguzi alikuwa amewaonya jambo lingine: wasimpime urefu nyumbani. Mtoto harefuki kwa siku wala kwa wiki, na kupimapima huvunja moyo. "Kupima ni kazi yetu, Mama, yako ni sindano," alisema. Bi Futi aliitikia, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliirudia kauli ile. Yeye? Aambiwe asipime?

Alijizuia mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipokaribia kutimia wa nne, siku moja mchana hakukuwa na wateja, akamsimamisha Bobini kwenye mlango, visigino ukutani, kitabu kichwani, akavua futi shingoni. Ikumbukwe kwamba fundi hapimi urefu wa mtu. Hupima vipande, bega, kiuno, goti. Siku zote hizo hakuwahi kumpima mjukuu wake kuanzia unyayo hadi utosi. Namba pekee ya urefu waliyokuwa nayo ni ile ya hospitali, iliyoandikwa kwenye kadi siku ya kuanza tiba: sentimita mia moja na sita.

Futi ilisema mia moja na sita.

Akapima tena. Akapima mara ya tatu, akiibana kwa kidole gumba. Bobini, ambaye anajua kusoma kuliko wengi wa darasa lake, aligeuka akaiona namba kwa macho yake. Hakulia. Alienda kukaa kwenye kiti cha dirishani, ambacho siku hiyo hakuna aliyekigombania.

Jioni ilipofika na kalamu ikatolewa kwenye friji, alivuta sketi ikafunika magoti. Akasema bobini haijazi. Kisha akamtazama bibi yake.

"Bibi, wewe unaamini inafanya kazi?"

Hapa ndipo Bi Futi alipokosea, na mwenyewe hulieleza kosa hili bila kujifichaficha. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema tungoje siku ya kliniki. Lakini upande mmoja aliona kijana wa juzi na michoro yake, na upande wa pili futi ya miaka thelathini na minne, akanyamaza. Mtoto husoma ukimya wa mtu mzima haraka kuliko kitabu. Bi Futi akairudisha kalamu kwenye friji, akasema wapumzike kidogo. Kidogo hicho kikawa jioni tisa, na binti hakuambiwa.

Binti aligundua mwenyewe. Asubuhi moja alifungua friji kutafuta maziwa, akaona karatasi ya umbo la mtoto ukutani haijaongezewa chaki, akaichukua kalamu na kutazama kwenye kidirisha chake jinsi dawa ilivyobaki. Alikuja nayo chumba cha mbele akiwa bado na unga wa kiwandani kwenye nyusi. Si mwanamke wa makelele, huyu binti, na siku ile Bi Futi angependelea apige kelele. Alisikiliza habari yote ya futi na mlango. Kisha akasema taratibu:

"Mama, huyu si gauni kwamba lisipomkaa mteja utalifumua uanze upya. Ana miaka yake ya kukua. Ikipita, imepita."

Bi Futi alijibu kwamba futi yake haijawahi kusema uongo. Binti akamwambia basi wakaisemee mbele ya muuguzi, na hawakungoja tarehe ya kliniki. Walienda asubuhi hiyohiyo, watatu, Bobini katikati na sare yake, Bi Futi mbele kwa hatua za mtu anayekwenda kushinda kesi.

Muuguzi aliwapokea bila kuuliza maswali mengi. Bobini akavua viatu, akasimama kwenye ubao wa kupimia uliopigiliwa ukutani, visigino na mgongo vikigusa, macho mbele. Muuguzi akakishusha kile kibao cha juu polepole hadi kikagusa nywele.

"Mia moja na tisa," akasema.

Bi Futi akamwambia apime tena. Akapima tena, ikawa mia moja na tisa. Bi Futi akavua futi shingoni, akamtaka ashike ncha, wakapima kwa futi, na ikawa mia moja na sita. Wakatazamana. Bobini katikati yao alikuwa akihamisha macho huku na huku kama mtu anayesubiri kuambiwa ana miaka mingapi.

Muuguzi hakubishana. Aliiomba futi kwa mikono miwili, kwa heshima, akaiweka sifuri juu ya sifuri ya ubao, akainyoosha kuelekea juu bila kuivuta. Kumi ya futi ilipita kumi ya ubao kwa unywele tu. Hamsini ilipita hamsini kwa zaidi ya sentimita nzima. Ilipofika mia moja na sita ya futi, ilikuwa imelala sawasawa juu ya mia moja na tisa ya ubao.

Bi Futi aliweka kidole pale. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Miaka thelathini na minne ya kuning'inia, kuvutwa, kulowa jasho na kupitiwa na mvuke wa pasi. Kitambaa chochote kingelegea, na yeye anavijua vitambaa. Na akajua papohapo kwa nini hakuna nguo hata moja iliyowahi kumfichulia siri. Alimpima mtu kwa futi iliyovutika, kisha akakata kitambaa kwa futi hiyohiyo. Uongo ulikutana na uongo mwenzake wakasuluhishana, na nguo ikamkaa mteja vizuri. Mpaka siku alipoilinganisha na kipimo cha mtu mwingine.

Kuna watu wangeanza kulaumu ubao wa hospitali. Bi Futi ana kiburi, lakini si cha kijinga, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Alivuta kile kiti ambacho muuguzi hukalia, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mjukuu wake.

"Mke mwenzangu, nisikilize. Uliniuliza kama dawa inafanya kazi, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliiamini futi. Futi imekosea, na mimi nimekosea. Umerefuka sentimita tatu."

Bobini alilitafakari hilo kwa utulivu.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa narefuka," akasema, "na yenyewe ilikuwa inarefuka?"

Binti ndiye aliyeanza kucheka, kisha muuguzi, kisha Bi Futi mwenyewe, hadi machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Jioni tisa zilimuuma. Aliuliza kama anaweza kuzifidia kwa kumchoma mara mbilimbili. Muuguzi akakataa katakata: dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto, haiongezwi kwa hasira wala kwa majuto. Waendelee na ya leo kama kawaida, na wakikwama tena wapige simu kliniki kabla ya kuacha. Bobini naye akauliza lake, kama atakuwa mrefu kuliko watu wote. Muuguzi hakumdanganya. Alimwambia dawa haimfanyi mtu jitu. Itamsaidia kuukaribia urefu ambao mwili wake ungefika kama tezi ingefanya kazi yake, na safari ni ndefu, huenda hadi sekondari. Bobini akakubali kwa sharti moja: kitufe cha kalamu atakibonyeza mwenyewe. Jioni hiyo bibi alishika, mtoto akabonyeza, akahesabu hadi kumi, akaenda kuweka chaki ukutani.

Futi mpya ilinunuliwa, ya plastiki ngumu isiyovutika. Ile ya zamani Bobini aliiomba, na imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake. Huiita dada yake. Na siku za kliniki, Bi Futi huweka bobini mbili mfukoni, moja tupu na moja imejaa, kwa sababu muuguzi alimwomba. Mtoto mgeni akiletwa akiwa amejificha nyuma ya mama yake, akiuliza kwa nini achomwe pajani, muuguzi humwita Bi Futi, naye huanza kumtazama mabegani kama kawaida yake, kisha humwambia kaa hapa, nikuonyeshe kitu.

Mwaka wa tiba ulipotimia, ubao wa ukutani ulisema mia moja na kumi na tano. Asubuhi iliyofuata, Bobini aliingia chumba cha mbele na sketi yake, akapanda juu ya meza ya kukatia bila kuambiwa, akasimama wima. Sketi ilikuwa imeyapita magoti kwenda juu kwa namna ambayo mwalimu asingeinyamazia.

"Fumua, Bibi."

Bi Futi alipiga magoti na chaki mdomoni. Mshono ule aliushona mwenyewe miaka mitatu nyuma, na ulikuwa mgumu kutoka, nyuzi zimeng'ang'ania kama mizizi. Alifumua kidole cha kwanza, akatazama, akafumua na cha pili. Kitambaa kikateremka, na pale chini ukatokea mstari wa buluu iliyokoza kuzunguka sketi nzima, upana wa vidole viwili, juu yake buluu iliyopauka. Akaupitishia kidole polepole. Kisha, kama afanyavyo kwa watoto wa watu wote, akavuta ile droo, akapanga tepe juu ya meza, nyeupe, nyekundu na za maua, amchagulie mjukuu wake iliyo nzuri kupita zote.

Bobini alizitazama moja moja. Akaigusa ile ya maua. Kisha akatikisa kichwa.

"Usiufunike."

Bibi akamkumbusha kwamba watamcheka.

"Wakicheka nitawaonyesha," alisema Bobini, akainama na kuweka kidole pale buluu mbili zinapokutana. "Nilikuwa nimeishia hapa."

Bi Futi alirudisha tepe zote kwenye droo na kuifunga. Akapasha pasi, na mstari ule akaupiga pasi mara mbili ili unyooke vizuri.